Kuvu sugu: Jinsi vimelea jamaa ya hamira hutumia mafuta kuzihepa dawa

UNAPOTAJWA usugu wa dawa, wengi hufikiria bakteria wa kifua kikuu au vimelea vya malaria. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba kuvu nazo, zikiwemo zile ndogo mno zilizo jamaa ya hamira inayoumua unga wa mandazi, zimekuwa zikibuni mbinu za kuzihepa dawa kwa miaka mingi.

Kuvu hizo si jambo la kupuuzwa. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza kabisa ya kuvu hatari kwa binadamu. Orodha hiyo ina kuvu 19, na nne kati yake zimewekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi.

Tatu kati ya hizo nne ni za ukoo wa hamira: Cryptococcus neoformans, ambayo husababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye kinga dhaifu, Candida albicans, inayojulikana zaidi kwa utando mweupe mdomoni na muwasho ukeni, na Candida auris, ambayo huenea wadini na kuingia katika damu ya wagonjwa mahututi. Ya nne, Aspergillus fumigatus, ni ukungu unaoshambulia mapafu.

Kinachoshangaza ni kwamba vita kati ya dawa na kuvu hizi hupiganwa hasa katika uwanja mmoja, nao ni mafuta. Dawa nyingi zilizopo hulenga mafuta yanayounda ngozi ya seli ya kuvu, na kuvu nayo hujiokoa kwa kuyabadilisha, kuyaongeza au kuyaazima mafuta hayo hayo.

UTANDO WA MAFUTA

Kila seli hai, iwe ya binadamu au ya kuvu, imezungukwa na utando mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta. Utando huo ndio mlango na ukuta wa seli. Huamua kipi kiingie na kipi kitoke, na ukitoboka, seli hufa.

Ili utando uwe na uthabiti unaofaa, usiwe mgumu kupita kiasi wala laini kupita kiasi, seli huuchanganya na mafuta ya aina ya pekee. Kwa binadamu, mafuta hayo ni kolesteroli, ile ile ambayo madaktari huwaonya watu wenye maradhi ya moyo. Kwa kuvu, ni ergosteroli.

Kolesteroli na ergosteroli ni kama ndugu wa tumbo moja. Zote huanzia malighafi ile ile ndani ya seli, zikapitia hatua nyingi zinazosimamiwa na vimeng'enya, na huachana njia karibu na mwisho. Dawa za kupunguza kolesteroli zinazomezwa na wagonjwa wa moyo huzuia hatua mojawapo ya mwanzo katika njia hiyo.

Udugu huo ndio chanzo cha ugumu wa kutibu maradhi ya kuvu. Bakteria ni viumbe walio mbali sana na binadamu, hivyo ni rahisi kupata sumu itakayowaua bila kumdhuru mgonjwa. Kuvu, kwa upande mwingine, ina seli inayofanana na yetu kwa mengi. Tofauti ndogo kati ya kolesteroli na ergosteroli ni miongoni mwa nyufa chache ambazo dawa inaweza kupenyeza.

DAWA NA SHABAHA ZAKE

Dawa ya kwanza muhimu kupatikana ilikuwa nistatini. Iligunduliwa na wanasayansi wawili wa kike wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waliotangaza matokeo yao mwaka wa 1950. Waliipa dawa hiyo jina linalotokana na jimbo la New York, walikokuwa wakifanya kazi. Hadi leo, nistatini hutumiwa kutibu utando mweupe katika vinywa vya watoto.

Katika muongo huo huo ilipatikana amfoterisini B, kutoka kwa bakteria waliotolewa kwenye udongo wa eneo la mto Orinoco nchini Venezuela. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa namna moja: huinasa ergosteroli yenyewe, zikaitoa katika utando au kuutoboa utando huo, na kuvu ikafa.

Amfoterisini B ina nguvu, lakini haiwezi kutofautisha kikamilifu ergosteroli ya kuvu na kolesteroli ya mgonjwa. Ndiyo sababu huumiza figo, hushusha kiwango cha madini ya potasiamu mwilini na kumsababishia mgonjwa homa na mitetemeko. Aidha, hutolewa kwa njia ya mshipa, jambo linalomlazimu mgonjwa kulazwa.

Kundi la pili ni la azoli, ambalo mashuhuri wake ni flukonazoli. Dawa hii ilibuniwa na wanasayansi wa kampuni ya Pfizer nchini Uingereza na kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1990. Azoli haziigusi ergosteroli iliyokwisha kutengenezwa. Badala yake huziba kimeng'enya kimoja kinachohitajika katika utengenezaji wake, ambacho huundwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo ERG11.

Kimeng'enya hicho kikizibwa, mambo mawili hutokea. Kwanza, kuvu hukosa ergosteroli. Pili, malighafi iliyokwama njiani huelekezwa kwingine na kugeuka kuwa mafuta yenye sumu yanayouharibu utando.

Flukonazoli ilipokelewa kwa shangwe kwa kuwa humezwa kama kidonge, huingia hadi kwenye ubongo na haina madhara makubwa kwa wengi. Hata hivyo, ina udhaifu mmoja: dhidi ya kuvu za Candida, haiui bali huzuia tu zisizaane. Kuvu inayobaki hai huku dawa ikiwapo hupata muda wa kujifunza.

Kundi la tatu, ekinokandini, halilengi utando wa mafuta bali ukuta mgumu ulio nje yake. Dawa ya kwanza ya kundi hili, kaspofungini, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2001. Ingawa ni salama, hutolewa kwa mshipa, ni ghali, na haifui dafu mbele ya Cryptococcus.

MBINU ZA KUHEPA

Watafiti wamezitambua njia kadhaa ambazo kuvu hutumia kuzishinda azoli, na karibu zote zina uhusiano na mafuta.

Njia ya kwanza ni kubadilisha kufuli. Jeni ya ERG11 hupata hitilafu ndogo, kimeng'enya kikabadilika umbo kidogo, na dawa ikashindwa kukishika ilhali kazi yake ya kutengeneza ergosteroli inaendelea.

Njia ya pili ni kuongeza wingi. Kuvu hutengeneza kimeng'enya hicho kwa kiasi kikubwa hivi kwamba dawa haitoshi kukiziba chote. Hufanya hivyo kwa kuiwasha jeni inayosimamia njia nzima ya ergosteroli, au kwa kujiongezea nakala za kipande cha kromosomu chenye jeni ya ERG11.

Njia ya tatu ni kuitapika dawa. Katika utando wake, kuvu huweka pampu zinazoisukuma azoli nje mara tu inapoingia. Pampu hizo hukaa ndani ya mafuta ya utando na huhitaji mchanganyiko unaofaa wa mafuta hayo, ikiwemo ergosteroli yenyewe, ili zifanye kazi vyema.

Njia ya nne ni kubadilisha mapishi. Kuvu huizima jeni nyingine iitwayo ERG3, ambayo ndiyo inayoigeuza malighafi iliyokwama kuwa sumu. Utando basi hujengwa kwa mafuta mbadala, duni lakini yasiyoua. Hatari yake ni kwamba kuvu isiyo na ergosteroli huweza pia kuiponyoka amfoterisini B, kwani dawa hiyo haina tena cha kunasa.

Njia ya tano ni kuazima. Candida glabrata, kuvu ambayo siku hizi wanasayansi huiita Nakaseomyces glabratus, inaweza kufyonza kolesteroli kutoka kwa damu ya mgonjwa na kuitumia katika utando wake. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Mbinu hizi haziji zote kwa siku moja. Mwaka wa 1997, mtafiti Theodore White wa Marekani alichapisha uchunguzi wa sampuli 17 za Candida albicans zilizochukuliwa kutoka kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa na virusi vya HIV, katika muda wa miaka miwili ya kutumia flukonazoli. Usugu ulipanda ngazi baada ya ngazi, kila ngazi ikiambatana na badiliko jipya: pampu, kisha kimeng'enya, kisha pampu zaidi.

Uchunguzi huo uliwafunza madaktari kwamba usugu unaweza kuzaliwa ndani ya mgonjwa yule yule anayetibiwa, hasa dawa ikitolewa kwa muda mrefu huku kinga ya mwili ikiwa imeporomoka.

Lakini kila mbinu ina gharama yake. Kuvu iliyoipoteza ergosteroli huwa dhaifu: huvumilia joto kwa shida na hushambuliwa kwa urahisi na chembechembe za kinga. Ndiyo maana usugu dhidi ya amfoterisini B umebaki nadra katika kuvu nyingi, ingawa dawa hiyo imetumika kwa zaidi ya nusu karne.

HOMA YA UTI WA MGONGO

Hapa Afrika Mashariki, mahali ambapo suala hili limegharimu maisha mengi ni katika ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo unaosababishwa na Cryptococcus. Kuvu hii hupatikana katika udongo na kinyesi cha njiwa. Mtu huivuta kwa pumzi, na kinga yake ikiwa imara, huenda asihisi lolote. Kinga ikidhoofishwa na Ukimwi, kuvu huibuka na kupanda hadi ubongoni.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba watu wapatao 152,000 wenye HIV hupata ugonjwa huu kila mwaka duniani, na takriban 112,000 kati yao hufa. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa miaka mingi hospitali nyingi za eneo hili hazikuwa na amfoterisini B wala flusitosini, dawa nyingine inayotumiwa pamoja nayo. Wagonjwa walipewa flukonazoli peke yake. Zaidi ya nusu yao walifariki ndani ya wiki kumi.

Sababu mojawapo ilibainika katika utafiti uliofanyiwa wagonjwa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2019. Ilionekana kwamba ndani ya mgonjwa mmoja mna kundi dogo la seli za Cryptococcus zenye nakala za ziada za kromosomu, hasa kromosomu ya kwanza ambako jeni ya ERG11 na jeni ya pampu muhimu hupatikana.

Flukonazoli ikitolewa peke yake, seli za kawaida huzuiwa na zile zenye nakala za ziada hustawi na kutawala. Flusitosini ikiongezwa, kundi hilo sugu halipati nafasi ya kukua. Kwa maneno mengine, dawa moja huchagua adui mkali, dawa mbili humfunga pande zote.

Matibabu yamebadilika kutokana na maarifa kama hayo. Utafiti uliofanywa Malawi, Zambia, Cameroon na Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini B pamoja na flusitosini ilipunguza vifo hadi asilimia 24 katika wiki kumi. Pia ulithibitisha kuwa vidonge vya flukonazoli na flusitosini kwa pamoja ni njia inayofaa pale ambapo sindano haiwezekani.

MAFUTA YAGEUZWA NGAO

Hatua iliyofuata ilitumia mafuta kwa namna tofauti. Wanasayansi waliifungasha amfoterisini B ndani ya vijipovu vidogo vya mafuta viitwavyo liposomu. Kifungashio hicho huizuia dawa kuzishambulia seli za figo, na hivyo mgonjwa anaweza kupewa kiasi kikubwa kwa mara moja.

Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, matokeo yake yakichapishwa mwaka wa 2022, ulilinganisha dozi moja tu kubwa ya dawa hiyo, ikifuatwa na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli, na tiba ya awali ya siku saba. Vifo vilikuwa asilimia 24.8 kwa waliopewa dozi moja na asilimia 28.7 kwa wenzao. Madhara pia yalikuwa machache zaidi.

Mwezi wa Aprili mwaka huo, WHO ilipendekeza tiba hiyo ya dozi moja iwe chaguo la kwanza kwa wagonjwa wenye HIV. Changamoto iliyosalia ni bei ya dawa na uwezo wa hospitali za mashinani kuipata.

Nchini Uganda, watafiti wamejaribu pia amfoterisini B ya kunywa, iliyoviringishwa ndani ya tabaka za mafuta ili ipenye tumboni bila kuharibika. Iwapo dawa ya aina hiyo itaidhinishwa, huenda siku moja mgonjwa asihitaji sindano.

MGENI WA WADINI

Ikiwa Cryptococcus ni adui wa zamani, Candida auris ni mgeni. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2009 nchini Japani, ilipopatikana katika sikio la mgonjwa; neno auris lina maana ya sikio kwa Kilatini. Katika miaka michache ikaibuka katika mabara kadhaa karibu kwa wakati mmoja, kila eneo likiwa na ukoo wake. Baadhi ya wanasayansi hukisia kwamba kuongezeka kwa joto duniani kuliifunza kuvu hii kustahimili joto la mwili wa binadamu.

Kenya haikusazwa. Uchunguzi wa visa vya kuvu katika damu katika hospitali moja jijini Nairobi kati ya 2010 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa waliathiriwa na Candida auris. Wengi wa wagonjwa wa aina hii huwa wamelazwa kwa muda mrefu wakiwa na mirija katika mishipa.

Kwa mujibu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, takriban asilimia 90 ya sampuli za kuvu hii zilizopimwa nchini humo zilikuwa sugu kwa flukonazoli, na karibu asilimia 30 kwa amfoterisini B. Chini ya asilimia 5 zilikuwa sugu kwa ekinokandini. Zipo pia chache zilizozishinda dawa za makundi yote matatu.

Mbinu zake ni zile zile: jeni ya ERG11 iliyobadilika na pampu zinazofanya kazi bila kukoma. Katika baadhi ya sampuli zilizoishinda amfoterisini B, watafiti wamepata hitilafu katika jeni ya ERG6, ambayo pia ni ya njia ya kutengeneza ergosteroli.

Isitoshe, Candida auris hukaa kwa wiki kadhaa juu ya vitanda, mashine na vyombo vya wadini. Baadhi ya dawa za kawaida za kusafishia sakafu haziiui. Inahitaji zile zenye klorini. Mashine za zamani za maabara pia ziliwahi kuichanganya na kuvu nyingine, hivyo huenda ilienea kabla ya kutambuliwa.

LA KUFANYA

Dawa mpya zinakuja, ila polepole. Rezafungini, ekinokandini inayotolewa mara moja kwa wiki, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2023. Nyingine, fosmanogepiksi, imefikishwa kwenye majaribio ya awamu ya tatu. Hii huzuia utengenezaji wa nanga ya mafuta ambayo kuvu hutumia kushikilia protini katika ukuta wake.

Kwa sasa, kinga kubwa ni kuzitunza zilizopo. Muwasho na uchafu ukeni si lazima uwe wa kuvu. Mara nyingi husababishwa na bakteria au maradhi ya zinaa. Mwanamke anayenunua kidonge cha flukonazoli katika duka la dawa kila dalili zinaporudi huenda anatibu ugonjwa asio nao, huku akiipa kuvu iliyo mwilini mwake mazoezi ya kuihepa dawa. Dalili zikirudi mara kwa mara, ni vyema kupimwa maabara na kuchunguzwa kisukari na HIV.

Mama mjamzito hashauriwi kumeza flukonazoli bila idhini ya daktari, kwani zipo dawa za kupaka au kuingiza ukeni zilizo salama zaidi. Vilevile, viuavijasumu visivyohitajika huua bakteria wema wanaoidhibiti Candida, na hivyo kuifungulia njia.

Kwa anayeishi na HIV, kinga bora zaidi ni kutumia dawa za ARV bila kukosa. Aliyechelewa kuanza matibabu na ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 200 anafaa kuuliza kuhusu kipimo cha damu kinachoweza kuitambua Cryptococcus kabla haijafika ubongoni. Maumivu ya kichwa yasiyoisha kwa siku kadhaa, shingo kukakamaa, kuona maruweruwe au kuchanganyikiwa ni dalili za kumkimbiza hospitalini.

Kwa hospitali, usafi wa mikono, kuondoa mirija isiyohitajika mapema na kutambua jina kamili la kuvu kabla ya kuchagua dawa ni mambo yanayookoa maisha. Makundi ya dawa za kutibu maradhi mazito ya kuvu yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Likipotea moja, hakuna la akiba.